Dhamana

Bwana Mulholland,
ukuta wa kusini umeota ndevu tena.

Jumapili niliupangusa kwa siki,
nikausugua kwa mswaki wa zamani wa Rongo
hadi vidole vikanitoka malengelenge.
Alhamisi ukungu ulikuwa umesharudi,
kwanza kama pilipili manga iliyomwagika,
kisha kama alama za vidole vya mtu
anayepapasa gizani, akitafuta pa kuingilia.

Barua yako ninayo hapa, chini ya birika.
Unasema kosa ni pumzi zetu:
watu watatu wakilala chumba kimoja
na dirisha limefungwa, hutoa maji.
Niliisoma kwa sauti. Mama alicheka mpaka akakohoa,
na kile kikohozi
hakikutokana na kicheko.

Tufanyeje? Tupumue kwa zamu?
Mama usiku, mimi alfajiri,
mtoto siku za sikukuu?

Nakiri.
Nguo za Rongo nilizianika ndani Julai nzima,
kwenye migongo ya viti, juu ya mlango,
soksi zikining'inia kama popo.
Dirisha nililibana kwa mkanda wa gundi
kwa sababu hita inameza dola,
na joto nililolinunua kwa mkopo
sikutaka kuigawia bure baridi ya Dunedin.
Hilo ni langu. Liandike upande wangu.

Lakini mfereji wa paa uliokatika tangu Pasaka
sikuukata mimi.
Wala si mimi niliyeijenga nyumba hii
mahali ambapo jua huchungulia saa moja, kisha likaenda zake
kuketi kwenye kibaraza chako, ng'ambo ya bonde.
Nakuona kutoka hapa. Vioo vyako vinameremeta.

Fundi Kerrigan alitambaa chini ya sakafu, tochi mdomoni.
Akatoka na tope hadi kifuani.
Hakusema neno.
Alivua soksi, akaikamua
mbele ya viatu vya wakala wako.

Ndipo ukatuma rangi.
Ndoo mbili, nyeupe, na kijana wa kupiga mluzi
aliyepaka juu ya ukungu bila kuufuta.
Kwa wiki tatu ukuta ulikuwa bibi harusi.
Wiki ya nne, shela likaanza kutoa madoa
mahali pale pale, kwa umbo lile lile,
kana kwamba lilikuwa limekariri.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Sawa. Ila wahenga walikuwa na nyumba zao.
Hawakusema ufa ni wa nani
pale anayelala kando yake
si yeye mwenye hati.

Nilipohamia ulinidai dhamana ya wiki nne.
Nikaiuza gitaa ya marehemu baba, nikalipa.
Tangu hapo nalitafuna neno hilo, dhamana.
Lina pande mbili kama ukuta:
upande wangu ni fedha uliyoishika,
upande wako ni jambo uliloliacha,
na katikati, mbao zinaoza.

Jumanne tutaitwa mbele ya baraza.
Utakuja na picha za ndoo za rangi.
Mimi nitakuja na kipande kimoja cha ukuta
nisichokifuta makusudi,
ukubwa wa kifuniko cha kopo la biskuti
nilipoanza.
Nimekizungushia penseli na tarehe:
Juni tatu. Juni kumi na saba. Julai mosi.
Agosti, duara limefika kwenye swichi ya taa.
Nilikipiga picha leo asubuhi, rula ikiwa kando.

Rongo ana miaka minne. Amekipa jina,
alilolisikia nikilisoma mwisho wa barua zako.
Kila akiamka hukimbilia ukutani,
bomba lake la pumu mkononi,
anapima kwa kiganja, halafu ananiita jikoni:

Mama, njoo uone.
Ferris amekua.